Kipimo Mama cha Ihumwa

Mkuu hakupenda kuulizwa kwao ni wapi, na mimi sitaanza leo kumsemea. Alizaliwa, akasoma, akaenda ng'ambo na kurudi na shahada ya uhandisi wa mawasiliano, akaolewa na mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Hayo yanatosha. Mimi nilimkuta tayari mtu mzima, mkuu wa karakana yetu pale Ihumwa, jirani na reli, na katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumwita kwa jina lake hata siku moja. Wageni waliokuwa wamemsikia tu walikuja wakitafuta mwanamume. Walimpa mkono dereva wetu, na dereva, Mungu amsamehe, alikuwa anaupokea.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na bisibisi ndogo ilikaa kwenye kilemba chake mahali ambapo wanawake wengine huchomeka pini. Hakuwa mtu wa unyenyekevu. Alijua kwamba anajua, na kama ulikuwa na mashaka alikusaidia kuyaondoa. Mara moja mtaalamu mmoja kutoka makao makuu alimwambia kwa upole wa kukera, "Mama, hili ni suala la kitaalamu kidogo." Mkuu akamtazama, akavuta kiti, akaketi, akasema, "Haya baba, nieleze. Nimekaa kabisa." Yule bwana alieleza sentensi mbili, kabla ya ya tatu akafunga faili lake.

Kazi yetu ilikuwa redio. Si redio za kusikilizia taarifa ya habari na salamu za Jumapili, bali redio za kuitana: za zahanati, za misheni, za miradi ya maji, za watu wote waliokuwa mbali na simu, na siku zile karibu kila mtu alikuwa mbali na simu. Mimi nilitoka Tanga na cheti changu cha ufundi na baibui langu, nikidhani nitakaa Dodoma mwaka mmoja nihamishwe. Vumbi lilinikera, maji ya chumvi yaliniharibia nywele. Sikujua kwamba nitakuja kuikumbuka karakana ile kuliko nyumba niliyozaliwa.

Ili umwelewe Mkuu lazima nikueleze habari ya muuguzi wa Busi. Zahanati yake ilikuwa na redio yetu, na alikuwa anaita hospitali ya wilaya kila asubuhi bila kujibiwa. Akaita wiki, akaita mwezi. Betri nzima, antena nzima, taa inawaka. Mwisho akaamini kwamba wale wa hospitali wanamdharau, akaacha kuita. Mama mmoja akajifungua vibaya, gari likachelewa kutumwa kwa sababu ilibidi mtu aende kwa baiskeli kuomba, na mtoto hakupona. Mkuu aliposikia alikwenda mwenyewe, na mimi nikiwa nyuma ya Land Rover nikishikilia kisanduku cha vipimo kifuani, maana Mkuu alikuwa anaendesha vibaya sana. Alipopima akakuta redio imesogea. Masafa yake yalikuwa yamehama kidogo, na hospitali ilikuwa inasikia mkoromo tu usio na maneno.

"Hawakukudharau, dada," akamwambia yule muuguzi. "Ulikuwa unabisha hodi nyumba ya pili."

Muuguzi akalia, na Mkuu akatoka nje akajifanya anaikagua antena. Njiani kurudi, tulipofika Kolo, akasimamisha gari kununua maembe, akasema, "Na kipimo nilichompimia, Mwanaidi, nani amekipima?"

Hilo ndilo lilikuwa donda lake. Redio hupimwa kwa kipimo, na kipimo nacho hupimwa kwa kipimo bora zaidi, na kile kilicho bora kabisa, anachokiita yeye kipimo mama, hakikuwepo nchini kwetu, au kama kilikuwepo sisi wa karakana hatukukiona. Vyombo vyetu vilikuwa vinafungwa kwenye makreti na kupelekwa ng'ambo kwa meli kupimwa. Vingine vilirudi baada ya mwaka, vingine vilibaki bandarini, vingine vilirudi vimepimwa vizuri kisha vikadondoshwa na wapakuzi. Kwa hiyo tulikuwa tunapima redio za watu kwa vyombo ambavyo sisi wenyewe hatukuwa na uhakika navyo. Mafundi wengine wanalala na jambo kama hilo. Mkuu hakuweza.

Halafu ikaja habari kwamba shirika letu litauzwa. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinasubiri kuuzwa, maduka ya mitumba yamejaa mpaka barabarani, redio za watu binafsi zinafunguliwa mijini moja baada ya nyingine, na neno la kupunguzwa kazi limekuwa salamu. Makao makuu wakasema karakana za mikoani zitafungwa, isipokuwa ile itakayoonyesha kwamba inaweza kujitegemea. Mkuu akaona tundu hapo. Redio zote hizo mpya zilihitaji mtu wa kuzipimia masafa ili zisiingiliane. Tukiwa na kipimo mama chetu wenyewe, watakuja kwetu. Tusipokuwa nacho, sote tutakwenda kuuza mitumba. Akaandika maombi, wakamjibu kwamba wanampa muda, na kwamba tume itakuja kukiona hicho kipimo kabla ya kuamua.

Kwa hiyo tukaanza kukitengeneza.

Sitakuchosha na umeme, lakini jambo lenyewe ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Moyo wake ni fuwele, kijipande cha jiwe kilichokatwa kwa ustadi. Ukikipa umeme kinatetema, na mtetemo wake ndio kipimo. Ubaya wa fuwele ni kwamba inasikia joto na baridi, na inazeeka. Inapotea polepole bila kujijua. Kule juu, kwa upande mwingine, kuna setilaiti zilizobeba saa za hali ya juu kabisa, na ukiwa na kipokezi unapata kutoka kwao alama moja kila sekunde. Ungedhani basi, mchezo umekwisha. Lakini wenye setilaiti siku zile walikuwa wanaitikisa alama ile makusudi, ili sisi raia tusipate usahihi wao wote. Mara inakuja mapema kidogo, mara inachelewa kidogo. Tulikuwa na wawili, mmoja mtulivu asiyejua anakokwenda, na mwingine anayejua njia lakini mikono inamtetemeka. Kazi ya Mkuu ilikuwa kuwaozesha.

"Usiamini sekunde moja," alikuwa anasema. "Amini siku nzima." Mtambo wake ulisikiliza alama za setilaiti kwa saa nyingi, ukazipima pamoja, ndipo ukaisogeza fuwele kwa kiasi kidogo sana. Fundi mmoja alipendekeza tuongeze nguvu ili ifike haraka. Mkuu akamkatalia: "Hatuirekebishi. Tunaishauri." Na alipoulizwa itachukua muda gani kushaurika, akasema itachukua muda inaotaka.

Sasa nieleze huyu ni mtu gani. Huyu ni mtu aliyekuwa hawezi kusubiri chai ipoe. Akiunguza ulimi anailaumu chai. Kanisani alikuwa anakaa kiti cha mwisho ili padri akirefusha mahubiri apate kutoka, na padri alikuwa anajua, anamtazama yeye anapokaribia kumaliza. Akikuuliza swali anajibu mwenyewe kabla hujafungua kinywa, na akikasirika sana Kiswahili kinamtoka, anarudi kwenye lugha ya kwao yenye sauti zile za kugonga ulimi, na sisi tuliobaki tunaangaliana. Dereva alijaribu miaka yote kumwigiza akashindwa, aliishia kujing'ata. Lakini mbele ya ile fuwele alikuwa mtu mwingine. Alikaa siku nzima akitazama sindano ya kipimo, hajasogea, hajasema, na mimi niliyekaa naye nikajifunza utulivu ambao sikuupata msikitini.

Na huyu huyu, ambaye kosa dogo kuliko unywele lilimnyima usingizi, alikuwa mwizi wa karata. Ijumaa mchana, nikisharudi kuswali, tulicheza mchezo mmoja kabla ya kuendelea na kazi. Alikuwa anaficha karata ndani ya mkono wa sweta, waziwazi, bila hata kuona haya. Ukimshika anasema, "Mwanaidi, hapa hatupimi redio."

Vifaa tulivipata kwa namna yetu. Kipokezi cha setilaiti kilitoka kwenye mradi mmoja wa kupima ramani uliokuwa unafunga virago na kuuza vitu vyake kwa mnada pale mjini. Mkuu alishindana na muuza nyama aliyekuwa analitaka lile sanduku la aluminiamu la kubebea. Walipandishiana mpaka watu wakaanza kucheka. Mwisho Mkuu akamsogelea, wakanong'onezana, na mnada ulipokwisha muuza nyama akaondoka na sanduku, sisi tukaondoka na kilichokuwa ndani tumekifunga kwa kanga yangu. Fuwele tuliing'oa kwenye chombo kibovu kilichokuwa kimekataliwa hata na wanaonunua vyuma chakavu.

Fuwele ilitaka joto lisilobadilika, na Dodoma haina joto lisilobadilika, mchana inakuunguza na alfajiri unatafuta blanketi. Mkuu akaenda nyumbani akarudi na hotpoti. Ilikuwa zawadi ya harusi yake, kubwa, ya maua mekundu. Tukaijaza sufi tuliyoitoa kwenye mto, tukaiweka fuwele katikati, tukatoboa tundu la nyaya, mmojawapo wa kuipasha joto, tukafunika. Halafu kulikuwa na treni. Kila ilipopita karakana ilitikisika na fuwele ikashtuka, tukaona mstari kwenye karatasi ya mashine ya kuchora umeruka kama mtu aliyekwaruzwa. Basi tukakata mipira ya baiskeli, tukaining'iniza hotpoti kwenye mipira hiyo katikati ya chumba, ikawa inaelea. Umeme ulipokatika, na siku zile za mgao ulikatika kila siku, betri mbili za lori zilishika zamu.

Mume wake, yule mwalimu mkuu, alikuwa mtu mpole mwenye kuvaa tai hata Jumamosi. Siku ya kwanza alikuja karakana amevua kofia.

"Nimekuja kumwona huyu bwana," akasema, "anayekula chakula changu kikiwa cha moto."

"Karibu, baba," Mkuu akamjibu. "Ndiye huyo. Usimguse."

Alikula ugali wa baridi kwa zaidi ya miaka miwili. Hakulalamika zaidi ya hapo, ingawa kila Krismasi alimnunulia mkewe kitambaa na kumwambia ni kwa ajili ya kumfunika bwana mdogo.

Kanuni kubwa ya chumba kile ilikuwa mlango. Mlango ukifunguliwa ovyo hewa inaingia, joto la chumba linasogea, na ukiwa unaangalia karatasi unaona mstari unapinda na kuchukua saa nyingi kutulia. Tuliingia wawili tu, kwa wakati maalumu, tukipita kwenye mapazia mawili ya blanketi. Lakini sasa utamfukuzaje mgeni? Watu wa pale hawafiki mahali wakaongelea dirishani. Anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa ndani, anakula. Kumwacha mtu mlangoni ni kumtukana. Mkuu, aliyekuwa hana subira na kiumbe chochote, kwa hilo hakuwa na mzaha. Akatatua kwa njia yake: ofisi yote akaihamishia nje. Tulijenga kibanda cha bati ubavuni mwa jengo, tukaweka viti vizuri, meza, kitambaa cha kudarizi, birika na vikombe. Mgeni alipokelewa huko kwa heshima zote, akapewa chai na karanga, na mtambo alionyeshwa kupitia kioo cha dirisha, maana mashine ya kuchora tuliiweka hapo hapo nyuma ya kioo. Mwezi wa Ramadhani, akijua nimefunga, Mkuu alikuwa anakunywa chai yake nyuma ya tangi la maji. Ukimkuta huko anakuambia anakagua bomba.

Antena yetu ilituletea wageni wa aina nyingine. Siku zile baa zilikuwa zinaweka madishi ya televisheni, na wafanyakazi wa reli walipoona tumepanda kitu juu ya paa wakaamini tuna mpira tunauangalia kwa siri. Jumapili moja walikuja kundi zima na vigoda vyao. Mkuu alikuwa kazini, kama kawaida yake. Hakuwafukuza. Akawapa chai, akawapanga mbele ya dirisha, akawaelekeza kwenye kalamu iliyokuwa inachora. Mwanzo walidhani ni utani. Baadaye mzee mmoja wa reli akakolea kabisa, akauliza, "Na hii timu inayoshuka ni ipi?"

"Hiyo ni sisi," Mkuu akasema. "Ila tutasawazisha."

Na kweli, jioni mstari ukapanda, wakashangilia. Yule mzee alirudi Jumapili nyingi. Nadhani ndiye mtu pekee wa nje aliyewahi kufurahia kazi yetu kwa sababu yake yenyewe.

Siku hizo nilikuwa na furaha. Naiandika hivi hivi maana sina namna bora ya kuisema. Nilikuwa naamka nikiharakia kazini, navuka reli umande haujakauka, na kabla ya kusalimiana Mkuu ananiambia tu, "Imetulia," au "Imekasirika," nami najua siku yangu itakuwaje. Nimefanya kazi mahali pengi tangu hapo, penye viyoyozi na mshahara wa maana. Hakuna aliyewahi kunisubiri mlangoni kunipa habari ya usiku.

Jaribio la mwisho lilikuwa kukiacha kipimo kijiendeshe mwezi mzima bila kuguswa, tukichora tofauti yake na setilaiti. Mwezi ukiisha bila doa, tungekuwa na kitu cha kuweka mezani ambacho hakuna mtu angeweza kukipinga. Tume ilipangwa kuja baada ya hapo. Mwanzo mstari uliyumba. Wiki zilivyosonga ukanyooka, ukanyooka zaidi, mpaka kalamu ikawa kama haisogei. Mkuu alikuwa akisahau kula. Alipungua hata mwili.

Tume ikaja mapema. Walikuwa na safari nyingine, wakaona wapitie. Walikuwa watu wa heshima, sina ubaya nao, wamevaa suti katika jua lile la saa nane, wamechoka na barabara. Jaribio lilikuwa limebakiza siku moja.

Mkuu akawapokea kibandani. Akatuma kuku wachinjwe, wali ukapikwa, soda baridi zikatafutwa. Nimewahi kuona harusi zenye ukarimu mdogo kuliko ule. Wakala, wakasifu, kisha mwenyekiti wao akanawa mikono akasema, "Haya Mkuu, tuingie tukaone."

"Kesho, mheshimiwa," Mkuu akasema. "Kesho asubuhi mtaingia wote, hata mkitaka kulala humo. Leo tazameni hapa dirishani."

Wakasogea kwenye kioo. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikaona walichokuwa wanaona: karatasi, kalamu, na mstari ulionyooka. Wakangoja. Mstari ukaendelea kunyooka.

"Mbona haifanyi kitu?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo kazi yake," Mkuu akasema.

Mmoja akacheka kidogo. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba wao wana kikao, kesho hawatakuwepo, na kwamba ingekuwa vizuri waseme kwenye taarifa kuwa wamekiona chombo kwa macho. Mkuu akaomba udhuru, akanivuta pembeni ya tangi. Nikamsihi. Nilimwambia, "Mkuu, tufungue. Dakika tano. Tutaanza mwezi mwingine."

"Nikifungua nitawaonyesha nini, Mwanaidi?" akasema. "Nitawaonyesha kosa. Mbele yao utapinda, nao watasema kumbe unapinda."

"Lakini watakuwa wameingia."

Najua alikuwa analiwaza, maana mkono wake ulikwenda kwenye kilemba na kurudi. Halafu akasema, "Mwezi mwingine hatutapewa," na akarudi kuwaongezea soda.

Waliondoka wakishukuru kwa chakula. Kesho yake mwezi ukatimia, Mkuu akafungua mlango, akakata karatasi, akakaa sakafuni na rula na kikokotoo mpaka adhuhuri, akapata jibu. Lilikuwa jibu zuri kupita tulivyothubutu kuota. Kama kingekuwa saa ya ukutani, wajukuu wa wajukuu zetu wangezeeka kabla haijawachelewesha. Alilipeleka makao makuu kwa mkono wake mwenyewe, akarudi. Baada ya wiki chache tukasomewa uamuzi: tume ilifika Ihumwa, ilipokelewa vizuri, haikuona chombo kinachofanya kazi. Karakana ifungwe.

Watu walimlaumu. Dereva alimlaumu waziwazi, alikuwa na watoto wengi. Mimi sikumlaumu, lakini sitasema sikuumia. Niliumia, na bado nikifikiria lile jua la saa nane kuna siku natamani angefungua, na kuna siku namwona alikuwa sahihi, na nimeshachoka kuamua.

Siku ya mwisho alikizima mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine akiguse. Alichomoa betri, akaweka kiganja juu ya hotpoti, akakaa hivyo, sisi tumesimama, mpaka ilipopoa. Ilichukua muda mrefu. Kisha akaitoa fuwele, akapangusa sufi, akapeleka hotpoti nyumbani. Mume wake aliniambia baadaye kwamba mchana ule aliwekewa ugali wa moto, akamega tonge, akalirudisha sahanini.

Jengo likanunuliwa na mtu wa kukamua alizeti. Nami nikapata kazi kwenye kampuni ya simu za mkononi, nikahama, nikaolewa, nikanenepa.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, nilipotumwa kukagua mnara mpya njia ya Kondoa. Niliambiwa anaishi Kolo, mume amefariki, na watalii wanaopita kwenda kutazama michoro ya mapangoni humsalimia kwa Kiingereza na kushangaa anavyowajibu. Nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, macho yameanza ukungu.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umenenepa. Nimekusikia kwenye mwendo."

Tukakaa. Tukaulizana habari za watoto, za waliokufa, za dereva aliyekwenda kuwa mchungaji. Nikamwambia kwamba wenye setilaiti siku hizi wameacha kuitikisa ile alama, sasa inakuja safi kwa kila mtu. Alikuwa ameshasikia redioni, zamani.

"Nilicheka peke yangu," akasema. "Miaka yote ile nahangaika kuituliza mikono yao, kumbe ni kitu cha kubonyeza tu, wakabonyeza."

Nikamwambia pia habari ya minara. Kwamba ndani ya kila mnara wa simu kuna kisanduku kama kile chetu, fuwele na kipokezi, kimefungwa kutoka kiwandani, na bila hicho simu hazisikilizani. Alisimamisha ungo.

"Kila mnara?"

"Kila mnara, Mkuu."

"Na huu wa hapa kilimani?"

"Na huo. Nimetoka kukiangalia sasa hivi."

"Kikiharibika mnafanyaje?"

"Tunakitoa, tunaweka kingine. Hakuna anayekifungua."

Akapepeta kidogo, makapi yakaruka, kuku wakasogea. Nilijua nimemuumiza, nikatafuta neno la kumpoza. Nikamwambia alikuwa ametangulia, kwamba kama wangejua wangempa karakana tatu. Akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

"Wewe unadhani nililia karakana," akasema. "Karakana nililia, sikatai. Lakini unajua kilichonikaa? Wale mabwana walikula, wakanawa, wakauliza mbona haifanyi kitu. Makao makuu waliniuliza kwa nini sikufungua. Dereva akaniuliza, padri akaniuliza, hata marehemu aliniuliza. Tangu siku ile mpaka leo hakuna mtu aliyeniuliza tulipata ngapi."

Nilikuwa nalijua lile jibu. Nilimwona akiliandika, nikiwa nimepiga magoti pembeni yake, na nimelibeba kichwani maisha yangu yote. Gari la kampuni lilikuwa linanisubiri barabarani, na kijana wa kazini alishapiga honi mara mbili.

Nikavua viatu, nikasogea nikakaa naye mkekani.

"Tulipata ngapi, Mkuu?"

Akaweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaketi wima. Halafu akaanza kunieleza, tangu hali ya hewa ya siku ya kwanza ya mwezi ule, bila kuruka kitu, nami nikamsikiliza kama vile siku zile sikuwepo.